Mimi si Kengeza, Jicho Langu Lina Jina



Wale mliohudhuria sherehe yetu ya kukaribisha wanafunzi wapya mtaikumbuka ile picha ya pamoja tuliyopiga kwenye ngazi. Watu arobaini na kitu, wote wanaiangalia kamera, isipokuwa mmoja wa safu ya pili ambaye uso wake umegeukia kushoto kama mtu aliyeitwa jina lake. Huyo ni mimi. Picha ilipoanza kuzunguka nikapata maneno ya kila aina. "Dada, ulikuwa unamtafuta nani?" Mwingine akasema huyu anaringa, hataki hata kupigwa picha na sisi. Nikacheka kama kawaida yangu, nikanyamaza. Ila nilipofika chumbani nikaona kunyamaza kwa miaka ishirini na miwili kunatosha, bora niandike.

Sikuwa naringa. Jicho langu la kushoto haliendi kushoto. Likifika katikati linasimama, kama mlango uliokwama kwenye fremu. Kwa hiyo nikitaka macho yote mawili yaone kitu kimoja, nageuza kichwa kidogo kushoto ili macho yabaki yanaangalia upande wa kulia, ambako yanaelewana. Sifanyi kwa kukusudia, shingo imezoea yenyewe tangu nikiwa mtoto wa kukaa. Na nikiangalia kulia kabisa, lile jicho la kushoto linarudi ndani kidogo na kope zake zinasogeleana. Mtu asiyejua anadhani namkonyeza. Jamani, nilipokuwa sekondari niliwahi kusimamishwa mbele ya darasa kwa kosa la kumkonyeza mwalimu wa hesabu! Leo nacheka, siku ile sikucheka.

Nimezaliwa nalo. Kitaalamu linaitwa sindromu ya Duane. Nimelijua jina hilo hapa Uingereza, mwaka wangu wa kwanza wa masomo, nilipokwenda kupima miwani tu. Kabla ya hapo nilikuwa na majina mengine, na hayo majina mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Jina la kwanza lilikuwa "kengeza". Hilo nilipewa na mtaa mzima kwetu Tanga, na wala sikuwalaumu, kwani kwa Kiswahili chetu kila jicho lisilokaa sawa na mwenzake ni makengeza, basi. Shida ni kwamba na kliniki nayo iliniandika hivyo hivyo. Nikiwa na miaka minne nikapewa kiraka cha kuziba jicho la kulia, ile dawa ya jicho vivu, ili la kushoto lifanye kazi. Kiraka kina faida kubwa kwa mtoto ambaye jicho lake moja limezembea kuona. La kwangu lilikuwa linaona vizuri sana! Lilikuwa haliwezi kwenda upande mmoja tu, na kiraka hakimfundishi msuli kitu ambacho neva yake haikuletewa kamwe. Nilikivaa karibu miaka miwili. Watoto wenzangu waliniita "haramia", na jioni mama alikuwa ananiangalia kama kuna mabadiliko, hakuna, anavuta pumzi, kesho tena.

Jina la pili lilikuwa baya zaidi. Nilipokuwa na miaka kumi na tatu, hospitali moja kubwa (jina naliweka kapuni) waliandika kwenye cheti changu kwamba nina kupooza kwa neva ya sita. Sasa kupooza kwa neva ya sita kwa mtoto ni maneno mazito, maana daktari yeyote makini akiyasoma anaanza kuwaza presha ya ndani ya kichwa, au uvimbe kwenye ubongo. Daktari aliyetupokea alikuwa mtu mwema, alimwita mama pembeni, nikamwona mama amekaa chini kwenye benchi. Baba mdogo akauza pikipiki yake. Tukaenda Dar kupigwa picha ya kichwa. Kwa wiki tano nyumbani kwetu watu waliongea kwa sauti ya chini kama kuna msiba. Picha ikaja, hakuna uvimbe. Mama akatoa sadaka. Ila hakuna aliyetuambia basi ni kitu gani, na cheti hakikubadilishwa, kikabaki na "kupooza" kwake.

Nasema haya bila chuki. Lakini nataka tuelewane: ishara ya kutofautisha vitu hivyo viwili ilikuwa usoni kwangu siku zote, bure, haihitaji mashine. Mtu mwenye neva ya sita iliyopooza, jicho lake haliendi nje, kweli, lakini akiangalia upande wa pua jicho halirudi ndani wala kope hazisogeleani. Isitoshe, aliyepooza ukubwani mara nyingi huona vitu viwili viwili na jicho lake hukaa limeingia puani hata akiangalia mbele, ilhali mtu wa Duane akishapinda shingo yake kidogo anaona kitu kimoja na maisha yanaendelea. Kuniambia "angalia kulia" na kuzitazama kope zangu kungechukua dakika moja. Pikipiki ya baba mdogo ilikuwa ndani ya dakika hiyo.

Hapa Uingereza aliyenipima hakuwa hata daktari. Wana watu wanaoitwa othoptisti, wataalamu wa mwendo wa macho, kazi yao ni hiyo tu. Dada mmoja alinikalisha, akashika kijitochi, akakipeleka kushoto, kulia, juu, chini, akaniziba jicho hili, akaniziba lile. Akatabasamu. Akaniuliza, "Nani aliwahi kukuambia hili linaitwaje?" Nikasema makengeza. Akatikisa kichwa.

Sasa nieleze kidogo kilichotokea ndani ya kichwa changu, maana bila hilo hoja yangu haitasimama. Kila jicho lina misuli sita ya kulisogeza. Misuli minne inapata amri kutoka neva ya tatu, mmoja kutoka neva ya nne, na mmoja, ule wa pembeni unaovuta jicho kuelekea sikioni, unapata amri kutoka neva ya sita. Kwa mtu wa Duane hiyo neva ya sita haikukua vizuri, mara nyingi haipo kabisa, na chembe zake za mwanzo kwenye shina la ubongo nazo hazipo au ni chache. Msuli wa pembeni ukabaki hauna mwenyewe. Basi tawi la neva ya tatu, ambayo kazi yake mojawapo ni kuvuta jicho puani, likapita njia na kujiunga na huo msuli yatima. Matokeo yake, ubongo ukisema "jicho liende puani", misuli miwili inayopingana inavuta kwa pamoja, mmoja huku mwingine kule. Jicho likivutwa pande zote mbili linarudi nyuma kwenye tundu lake. Ndiyo hiyo konyezo iliyonisimamisha mbele ya darasa.

Ni kama fundi umeme aliyekosa waya wa taa ya nje akaamua kuunga kwenye waya wa taa ya sebuleni. Ukiwasha sebule na nje kunawaka, ukitaka nje peke yake hakuna kitu.

Hii si hadithi ya kukisia. Mwaka 1980 na tena mwaka 1982 zilichapishwa taarifa za uchunguzi wa maiti za watu waliokuwa na Duane, na kweli neva ya sita haikuonekana, na matawi ya neva ya tatu yalikuwa yameingia kwenye msuli wa pembeni. Baadaye mashine za MRI zikaonyesha jambo hilo hilo kwa watu walio hai.

Wala si kitu kipya. Jakob Stilling, Mjerumani yule yule aliyetengeneza kadi za vidoa vya rangi za kupimia watu wasiotofautisha rangi, alikiandika mwaka 1887, na Türk naye akakieleza katika miaka ya 1890. Mwaka 1905 Alexander Duane wa New York akakusanya wagonjwa 54 akawaeleza kwa pamoja, na dunia inayosoma Kiingereza ikampa yeye jina. Ulaya bara bado kuna wanaoandika majina yote matatu, Stilling-Türk-Duane, na mimi naona ndiyo haki, ila ukijaza fomu nafasi haitoshi.

Nirudi kwenye kisa changu. Yule othoptisti aliandika kwenye karatasi: Duane, jicho la kushoto, B. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya daktari bingwa: Duane, jicho la kushoto, aina ya I. Wallahi nilishtuka. B na I tena? Nina magonjwa mawili? Au mmoja kakosea? Kwa mtu aliyewahi kuandikiwa kupooza akauza familia nzima usingizi, herufi moja si jambo dogo. Nikaanza kusoma maktaba, nikiacha kazi zangu za uchumi zinalala (mwalimu wangu akisoma hapa anisamehe).

Nikagundua kwamba kumbe kuna makabati mawili ya kupangia watu kama mimi. La kwanza ni la Brown, la mwaka 1950, linalopanga kwa kutazama tu jinsi jicho linavyokwenda. A ni jicho lisiloenda nje vizuri na kuingia puani pia lina upungufu kiasi. B haliendi nje, lakini kuingia puani ni sawa. C upungufu mkubwa uko upande wa kuingia puani. La pili ni la Huber, la mwaka 1974. Huyu alipima umeme wa misuli kwa sindano, akaona amri zinavyofika pasipotakiwa, akapanga aina tatu. Aina ya I haiendi nje, aina ya II haiingii puani vizuri, aina ya III haiendi popote pale kati ya pande hizo mbili. Kwa hiyo B yangu na I yangu ni kitu kimoja! Othoptisti wengi wa Uingereza walilelewa na Brown, madaktari wengi duniani wanatumia Huber. Hakuna aliyekosea, ila hakuna aliyenieleza pia.

Aina ya I ndiyo nyingi kuliko zote, kama robo tatu ya wote. Ya II ndiyo adimu. Jicho la kushoto hupatwa zaidi kuliko la kulia, wanawake zaidi kidogo kuliko wanaume, na wenye macho yote mawili hawafiki hata mmoja kati ya watano. Kati ya watu wote wenye makengeza ya kila namna, sisi ni baina ya asilimia 1 na 5. Mimi basi ni wa kushoto, mwanamke, aina ya I, yaani kwenye ugonjwa adimu nimeangukia pale pa kawaida kabisa. Hata upekee wenyewe nimekosa.

Sasa hoja yangu. Nimewasikia wenzetu wa udaktari wakisema mambo ya A, B, C na I, II, III ni ya vitabuni, mgonjwa hayamhusu. Mimi nasema yanamhusu mgonjwa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu kabati unalowekwa ndilo linaloamua utafanywa nini. Nilipowekwa kwenye kabati la makengeza nilipewa kiraka. Nilipowekwa kwenye kabati la kupooza nilipelekwa kutafutiwa uvimbe. Nilipowekwa kwenye kabati la Duane niliambiwa: jicho lako linaona, halitazidi kuharibika, shingo ikikuuma tuambie, upasuaji upo lakini kwa kiwango chako hauna haja. Jicho ni lile lile!

Na upasuaji wenyewe ni mfano mzuri. Kwa Duane hufanywa kama mtu anapinda shingo sana, au jicho limekaa upande hata akiangalia mbele, au linarudi ndani au kuruka juu kwa namna inayomsumbua. Unaweza kunyoosha shingo. Hauwezi kuleta neva ambayo haipo, kwa hiyo mwendo wa kawaida haurudi. Mpasuaji anayedhani ana makengeza ya kawaida mbele yake anaweza kukaza ule msuli wa pembeni ili uvute zaidi, na kwa mtu wa Duane kuukaza huo ndiko kunakoweza kulizidisha jicho kurudi ndani. Jina lisilo sahihi linaweza kuingia hadi kwenye kisu.

Tena kuna jambo lingine wanalolisahau. Wengi wetu tuna Duane peke yake, hatuna tatizo lingine. Lakini wapo ambao inakuja pamoja na masikio yasiyosikia vizuri, au mifupa ya mkono na kidole gumba iliyokua vibaya, au mifupa ya shingo iliyoungana. Mtoto akiandikwa "makengeza" nani atakumbuka kumpima masikio? Atafika darasa la pili anaitwa mjinga, kumbe hasikii.

Nikaangalia na vitabu vya uainishaji wa magonjwa vya Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la 10, lile lililopitishwa mwaka 1990, Duane imewekwa kwenye sura ya magonjwa ya macho, namba H50.8, chini ya kichwa cha makengeza mengine yaliyobainishwa. Mengine! Yaani kapu la mabaki. Wamarekani katika toleo lao wameipa namba yake yenyewe, H50.81, lakini ukoo ni ule ule wa makengeza. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022, ila faili zilizoandikwa kwa lile la 10 kwa miaka mingi hazijifuti zenyewe. Ukihesabu kwa namba hiyo ya H50.8, nchi yenye watu wa Duane elfu kadhaa haitajua inao, wamechanganywa na wengine kapuni.

Wanasayansi wa neva wao wameshahama huko. Tangu mwaka 2002 wanatuhesabu katika ukoo unaoitwa kwa kifupi cha Kiingereza CCDD, yaani kasoro za kuzaliwa nazo za jinsi neva za kichwa zinavyounganishwa na misuli yake. Humo tuko na ndugu wengine, kama wale ambao uso wao hauwezi kutabasamu wa sindromu ya Möbius, na wale waliozaliwa na macho yaliyofungwa na misuli migumu. Mwaka 2008 ikapatikana jeni inayoitwa CHN1 ambayo ikibadilika inaweza kuleta Duane kwenye familia. Na hapa ndipo palipoitikisa imani yangu kwa makabati: katika familia za namna hiyo mtu mmoja anaweza kuwa aina ya I na ndugu yake aina ya III. Hata mtu mmoja mwenye Duane ya macho mawili anaweza kuwa na aina hii kushoto na ile kulia. Kwa hiyo hizo namba si magonjwa matatu. Ni namna tatu za waya kukosea njia, mengi kidogo au machache kidogo.

Mtu atasema: basi tufute A, B, C na I, II, III, tupange kwa jeni na MRI, ndiyo sayansi ya leo. Mimi nakataa. Kwanza, wenye Duane katika ukoo ni kama mmoja kati ya kumi, tuliobaki tumekuja peke yetu, na jeni nyingi za kutuhusu hazijajulikana. Mimi kwetu niko peke yangu. Pili, na hili ndilo kubwa, MRI ya kuonyesha neva nyembamba kama uzi iko wapi kwa mtoto wa Korogwe? Kabati la kutazama kwa macho linafanya kazi chini ya mwembe. Kijitochi, kidole, na mtu mwenye subira. Kuwanyang'anya hilo wauguzi wa macho wa kwetu kwa sababu Boston wana jeni ni kumvua mtu kanga kwa kumwahidi koti.

Ninachotaka ni vyote viwili, na kwa mpangilio. Ukoo kwanza: iandikwe kwamba hii ni kasoro ya kuzaliwa ya kuunganika kwa neva, isiwe "makengeza mengine". Halafu sura yake: jicho gani, haliendi wapi, linarudi ndani au la. Halafu kichwa: mtu amepinda shingo kiasi gani na anaangaliaje mbele. Mistari mitatu kwenye daftari la kliniki. Ukishaandika hivyo, A au I ni kifupisho tu cha kuwasiliana, na ukiweka jina la mwenye kabati pembeni, "B ya Brown", "I ya Huber", mgonjwa wako hatalia usiku maktaba kama mimi.

Kaka mmoja wa Mombasa, anasoma udaktari mwaka wa nne, tulibishana naye jikoni hadi wali ukaungua. Hoja yake ilikuwa kwamba kliniki za kwetu zina watoto wenye mtoto wa jicho, wenye saratani ya jicho, wanaopofuka kabisa, na mimi naona vizuri kuliko yeye mwenye miwani. Iweje nidai nafasi ya jina langu adimu? Hoja ina uzito, sikuikwepa. Nilimjibu kwamba mimi sidai dawa wala mashine wala kitanda, kwa kuwa Duane mara nyingi haihitaji chochote kati ya hivyo. Nadai dakika moja ya kutazama kope. Na dakika hiyo ingeokoa miaka miwili ya kiraka, safari ya Dar, na nafasi ya ile picha ya kichwa ambayo angepigwa mtoto mwenye uvimbe kweli. Alinyamaza kidogo akasema, "Haya, angalia kulia nione." Nikaangalia. Akaniambia tena, tena, akaita na mwenzake. Nilijiona kama sinema, ila nilifurahi, maana hao wawili hawataandika "kupooza" kwa mtoto wa namna yangu.

Kuna jina moja sijalitaja. Hilo hakupewa jicho, alipewa mama. Shangazi na majirani walikuwa wakisema mama alimcheka mtu mwenye makengeza wakati ana mimba yangu, na Mungu akamwonyesha. Mama hakuwahi kujibu. Nadhani kuna siku alikuwa anaamini.

Ndiyo maana ukurasa mmoja maktaba ulinitoa machozi, na ulikuwa unahusu Sweden. Mnajua ile dawa ya talidomaidi, iliyouzwa kuanzia mwaka 1957 na wajawazito wakainywa kwa kichefuchefu, ikaondolewa mwaka 1961 baada ya watoto kuzaliwa bila mikono. Miaka mingi baadaye watafiti wa Sweden waliwapima macho watu wazima waliozaliwa kipindi kile, na wakakuta baadhi yao wana Duane, wale ambao mama zao walimeza dawa hiyo mapema sana katika mimba. Mama yangu hakumeza kitu hicho, kilishaondoka madukani zamani. Lakini watu wale walisaidia kuonyesha saa ya tukio. Neva hizi hukosa njia katika wiki za mwanzo kabisa, takriban kati ya wiki ya 4 na ya 8, wakati wanawake wengi ndiyo kwanza wanajiuliza kama siku zimechelewa. Hajamcheka mtu, hajamkasirikia mtu, hata hajajua kuna mtu tumboni.

Nilimpigia simu Jumapili ile. Nikamweleza kwa Kiswahili cha fundi umeme, waya wa nje na waya wa sebuleni. Akauliza maswali mawili tu. La kwanza, kama watoto wangu watapata. Nikamwambia wengi wa namna yangu hatuna mwingine katika ukoo, ila siwezi kumwapia. La pili, ilikuwa wiki ya ngapi. Nikamwambia. Akakaa kimya hadi nikadhani salio limekwisha, kisha akasema, "Wakati huo nilikuwa bado nalima shamba la bibi yako, nikidhani nina malaria."

Basi wenzangu, mkinikuta ukumbini nimekaa siku zote upande wa kushoto, msidhani nawakimbia, ni ili ubao uwe kuliani kwangu. Barabarani sina shida sana, kwa sababu hapa kama kwetu magari ya karibu hutokea kulia. Nilipokwenda Ufaransa mwaka jana nilishikwa mkono kama bibi kizee. Nikikukonyeza, sijakukonyeza. Na picha ya mwaka huu naomba mpiga picha anipange mwisho kabisa wa mstari, mkono wangu wa kushoto kusiwe na mtu, niangalie kamera bila kupinda shingo.